Nani Kasema Injini Haifunguliwi?

"Injini ikishafunguliwa haiwi tena." Utaisikia Ilala jijini Dar es Salaam, utaisikia Kirinyaga Road kule Nairobi, utaisikia Kisekka jijini Kampala, na kila mara husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Baada yake huja ushauri mmoja tu: achana na hiyo, tafuta ya Japani, funga, endelea na safari. Mwenye Subaru Impreza WRX iliyonoki, mwenye Forester ya tabo inayofuka moshi wa bluu na mwenye Altezza inayokula oili wote hupewa dawa hiyo hiyo kabla fundi hajashika spana. Wengi wanaoisema ni watu wa kazi, na baadhi yao nawaheshimu sana. Lakini wamekosea. Kosa lao linawagharimu wenye magari mamilioni ya shilingi, linajaza nyua za gereji vyuma ambavyo vingeweza kufanya kazi miaka mingine kumi, na linawanyima vijana wanaojifunza ufundi sehemu iliyo tamu kuliko zote katika kazi hiyo.

Tuanze na hiyo injini ya Japani yenyewe, maana hoja yote imeegemea juu yake. Inafika imeoshwa ikang'aa, matundu yamezibwa kwa tepu, namba zimeandikwa ubavuni kwa kalamu ya rangi. Muuzaji atakwambia imetembea kilomita elfu sitini. Amejuaje? Kilomita huhesabiwa kwenye dashibodi, dashibodi ilibaki kwenye gari, na gari lilikwisha kukatwakatwa. Hata inapoingia "nusu gari", ile sehemu ya mbele iliyokatwa ikiwa na injini, giaboksi na pengine saa zake, hakuna wa kukuhakikishia kwamba saa hizo zilianza maisha pamoja na injini hiyo. Tena si zote zinazokuja moja kwa moja. Nyingine hupitia Sharjah huko Uarabuni, kwenye yale maeneo ya viwanda yenye maghala ya spea zilizotumika, zikachaguliwa, zikapangwa upya, zikauzwa kwa mfanyabiashara mwingine ndipo zikapakiwa kontena la Mombasa au Dar es Salaam. Kila mkono uliozishika umepunguza kipande cha habari. Kinachobaki dukani ni chuma kizuri cha kutazama, na maneno.

Kisha kuna swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: kwa nini injini hii ilitolewa kwenye gari lake? Huenda gari liligongwa nyuma likafutwa barabarani huku injini ikiwa nzima. Hiyo ni bahati njema. Huenda lilifikia wakati wa shaken, ule ukaguzi wa lazima ambao gari jipya la binafsi la Japani hufanyiwa baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, mwenyewe akapiga hesabu akaona haimlipi. Na huenda injini ilitolewa kwa sababu ilikuwa imeanza kugonga. Zote tatu zikishaoshwa zinafanana.

Hapo nitajibiwa kwamba Wajapani wanatunza magari. Ni kweli, wengi wanatunza. Ila tunazungumzia gari la michezo. Mtu aliyenunua WRX hakuinunua ili afike sokoni taratibu. Magari haya yalikimbizwa kwenye barabara za milimani usiku, yakapelekwa kwenye viwanja vya mbio siku za mapumziko, na mengi yalibadilishwa programu za kompyuta zake ili tabo isukume hewa kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Shaken hukagua breki, taa, usukani na hewa chafu, haifungui bloku kupima beringi. Injini ya Toyota ya lita 1.5 iliyompeleka mzee hospitali na kumrudisha nyumbani, na injini ya tabo ya lita 2 iliyozoezwa mizunguko 7,000 kwa dakika, hazina historia moja hata kama zilipanda meli moja.

Muuzaji mwaminifu, nao wapo, atapima kompresheni mbele yako. Atafunga geji, atazungusha kwa starta, na silinda zote nne zitatoa namba nzuri. Sikidharau kipimo hicho. Kinaeleza hali ya ringi, ya vali na ya gasketi ya hedi. Kuhusu beringi za konrodi hakisemi kitu, na beringi za konrodi ni miongoni mwa vitu vinavyoziua sana injini hizi. Silinda nne zenye kompresheni safi zinaweza kuwa zimekalia krenki iliyoanza kuliwa.

Inafaa kueleza kwa nini, kwa kuwa watu wengi hubishana juu ya injini ya EJ20 ya Subaru bila kujua imejengwaje. Ilianza mwaka 1989 na Subaru Legacy, ikaingia kwenye Impreza WRX mwaka 1992, na kizazi chake ndicho kilichompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Waliosimama kando ya barabara za vumbi wakimshangilia Patrick Njiru ndani ya Subaru wanajua mapenzi ya gari hili yalikotoka. Ni injini ya boksa: silinda nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75, jumla sentimita za ujazo 1,994. Katikati yake kuna krenki fupi, na krenki hiyo inapozunguka haitakiwi kugusa beringi. Inaelea juu ya utando wa oili. Pengo la utando huo kwenye konrodi mara nyingi ni kati ya milimita 0.02 na 0.05, yaani pungufu ya unene wa unywele. Likizidi, oili inavuja pembeni na shinikizo linaanguka. Likipungua, oili haipiti. Huwezi kulijua kwa kusikiliza mlio, wala kwa kuwasha injini sakafuni dakika kumi, wala kwa kufungua mfuniko wa oili na kuunusa. Linapimwa kwa maikromita na geji ya kipenyo, na ili ulipime sharti ufungue.

Kwenye injini nyingi zilizosimama wima, fundi anaweza kushusha sampu akavifikia vifuniko vya konrodi kutoka chini, akatoa beringi moja akaitazama. Boksa ya Subaru haina njia hiyo. Bloku yake ni nusu mbili zilizofungwa pamoja zikaibana krenki katikati, na hata pini za pistoni hutolewa kupitia matundu ya ubavuni mwa bloku. Ama umeifungua yote, ama hujui. Kwa hiyo mtu anayekwambia usiifungue injini usiyoijua historia yake anakwambia, kwa maneno mengine, uilipie bila kuijua kisha uipande na wanao.

Nakubali kwamba msemo huu haukuzuka hewani. Injini nyingi zilizofunguliwa kwetu zimekufa mapema, na wenye uchungu wana haki ya kuwa na uchungu. Lakini tuziangalie zilivyofunguliwa. Pistoni zinavutwa, ringi mpya zinaingizwa kwenye silinda ambayo imekwisha kupoteza uduara wake. Ukuta wa silinda unasuguliwa kwa msasa wa mkono. Krenki inafutwa kwa kitambaa, inapitishwa kucha juu yake, inaitwa nzima, kisha inavishwa beringi za saizi ya kawaida ilhali imelika. Bolti za hedi zinakazwa kwa hisia za mkono, wakati kitabu cha injini kinataka zikazwe kwa mpangilio na hatua maalumu, zilegezwe, zikazwe tena. Uso wa hedi unasawazishwa kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha kioo, halafu juu yake inawekwa gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa inayohitaji uso laini na ulionyooka. Hedi iliyopinda zaidi ya milimita 0.05 haiivumilii. Silikoni inapakwa kwa wingi kana kwamba wingi ndio uimara, ile ya ziada inajipinda ndani, inakatika, inaanguka kwenye sampu na kwenda kuziba chujio la bomba la kunyonyea oili.

Na baya kuliko yote ni uchafu. Beringi ikisagika, unga wake husafiri kila mahali oili inapofika: kwenye pampu, kwenye kipoza oili, kwenye tabo, kwenye njia nyembamba za mfumo unaobadilisha muda wa vali. Kwenye matoleo mengi ya miaka ya 2000 kuna chujio dogo sana lililofichwa ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Likijaa unga, tabo hukaukiwa. Fundi asiyelijua hilo hufunga krenki iliyochongwa vizuri na beringi mpya kabisa, kisha anarudisha kipoza oili kile kile kilichojaa vumbi la chuma. Injini inawashwa, watu wanapeana mikono, na kuanzia dakika hiyo oili inabeba vumbi lile kulipeleka kwenye beringi mpya. Wiki kadhaa baadaye inagonga. Gereji nzima inatikisa vichwa na kusema tulijua. Hawakujua. Kilichoiua injini ile kilikuwa ndani ya kipoza oili muda wote, na kingeondoka kwa gharama ya kipoza kingine.

Hapa ndipo hoja ya wapinzani wangu inapojikwaa vibaya zaidi. Injini ya Japani inapofungwa, tabo ya zamani mara nyingi huhamishiwa kwake kwa sababu "bado nzima". Kipoza oili cha zamani huhamishwa. Rejeta iliyoziba inabaki palepale. Bomba la kunyonyea oili, ambalo kwenye injini hizi za tabo linajulikana kwa kupasuka kwenye kiungo chake kilichochomelewa na kuifanya pampu inyonye hewa, halitazamwi kwa kuwa sampu haifunguliwi. Baada ya miezi michache injini ya Japani nayo inanoki. Je, umewahi kusikia mtu akitangaza kwamba injini ya Japani ikifungwa haiwi? Hasha. Inasemwa kwamba mwenye gari hakuwa na bahati, anatafutiwa nyingine. Kifo kile kile, kwa sababu ile ile, huitwa ufundi mbovu kikimpata aliyefungua, na huitwa bahati mbaya kikimpata aliyebadilisha. Huwezi kupima mambo mawili kwa mizani mbili kisha ukadai umepima.

Anayeamini kwamba mashine iliyofunguliwa imeharibika milele asipande ndege ndogo. Pale uwanja wa Wilson, Nairobi, wanafunzi wa urubani hujifunza kwa Cessna 172, na nyingi za ndege hizo zinasukumwa na injini ya Lycoming ya silinda nne zilizolala, mbili huku na mbili kule, mpangilio ule ule wa Subaru. Mtengenezaji ameiwekea muda wa ovaholi; kwa matoleo mengi ya O-320 ni saa 2,000 hivi. Muda ukifika, injini inafunguliwa hadi kipande cha mwisho. Kila kipande kinapimwa na kulinganishwa na jedwali la ukomo. Kilichovuka kinatupwa, kilicho ndani ya ukomo kinarudi, na fundi aliyeifunga anaandika alichofanya katika kitabu cha injini na kuweka sahihi yake. Kisha mwanafunzi anapaa nayo, peke yake, juu ya tambarare za Athi. Katika kazi ambayo injini ikizima huwezi kuegesha pembeni, watu waliamua zamani kwamba kufungua, kupima na kuandika ndiyo njia salama, na injini ya kutiliwa shaka ni ile isiyo na kitabu. Sisi tulio ardhini tumegeuza: isiyo na kitabu tunaiita bora, iliyopimwa tunaiogopa.

Wala tusiende hadi angani. Nenda kwa mwenye malori yanayopanda Kitonga kuelekea Tunduma, umwambie injini yake ya dizeli ya silinda sita isifunguliwe kamwe. Atakuona hujui biashara. Slivu zinatolewa na kuwekwa nyingine, krenki inachongwa, pistoni na ringi mpya zinaingia, lori linarudi barabarani na tani zake, na baada ya miaka linafunguliwa tena. Miaka ya 1980, Tanzania ilipokaukiwa fedha za kigeni, Land Rover na Bedford ziliishi kwa njia hiyo kwa sababu hapakuwa na nyingine. Mashine za kutanua silinda na za kuchonga krenki zilikuwa na kazi, na mafundi waliojua kusoma maikromita walikuwa watu wa heshima. Enzi ya ruksa ilipofungua milango ya biashara, injini za mtumba zikaingia kwa wingi, na kwa gari dogo ikawa rahisi kubadilisha kuliko kupima. Sikatai kwamba ilikuwa nafuu kwa watu wengi. Ila tabia ya kupima iliondoka kimya kimya kwenye gereji za magari madogo, na kizazi kilichokuja baadaye kikadhani haijawahi kuwapo. Hapo ndipo uzembe ulipopewa jina la hekima ya kazi.

Lipo jambo lingine ambalo kubadilisha hakuwezi kukupa hata kama injini iliyokuja ni nzima kabisa: hakukwambii ya kwanza iliuawa na nini. Beringi zilizokufa zinazungumza kwa anayejua kuzisoma. Ganda la juu la konrodi likiwa limepondeka kuliko la chini, pistoni ilikuwa ikipigwa na mlipuko uliotangulia wakati wake. Maganda yote mawili yakiwa na michirizi na chembe zilizozama ndani, oili ilikuwa chafu. Ganda likiwa jeusi, limeungua na kuburutwa, oili haikufika. Pistoni yenye ukuta uliovunjika kati ya ringi na ringi inakwambia habari za mafuta na za programu ya kompyuta. Na habari za mafuta ni nzito kwetu, kwa sababu injini za tabo za soko la Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu, ya oktani 98 hadi 100, na tunayojaza kwa kawaida kwenye pampu zetu iko chini ya hapo. Ukiifunga injini nyingine kwenye gari lile lile, kwa kompyuta ile ile, petroli ile ile na nozeli zile zile zilizoziba nusu, umeirudisha kwenye ugonjwa uliomuua ndugu yake. Fundi aliyefungua ya kwanza angejua kwamba tatizo liko kwenye mafuta, akashauri programu irekebishwe na msukumo wa tabo upunguzwe. Aliyebadilisha bila kufungua hana cha kushauri. Amezika bila kuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini.

Gharama? Naikubali hoja ya gharama pale inapostahili. Kama una Probox ya kazi au Vitz ya kuwapeleka watoto shule, na injini ya mtumba ya gari hilo ni nyingi na ya bei nafuu, badilisha. Siku moja gari liko gereji, kesho linaingiza hela, na sina ugomvi na mtu anayefanya hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni kuichukua hesabu ya Probox na kuibandika kwenye injini ya tabo ya gari la michezo, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile, ambayo imefanyishwa kazi ngumu zaidi, na ambayo ikifa haitoi onyo la muda mrefu. Kufungua na kujenga upya injini kama hiyo vizuri huweza kugharimu zaidi ya kununua moja ya mtumba, tena kunakula wiki kadhaa. Lakini linganisha na mbili za mtumba, maana huko ndiko wengi wanakoishia.

Pia ghala lenyewe linaisha. Mwaka 2019 Subaru ilitangaza toleo la mwisho la WRX STI yenye injini ya EJ20, magari 555 tu, na baada ya hapo ukurasa wa injini hiyo ukafungwa. Kila mwaka unaopita, zile zinazotolewa kwenye magari yaliyokufa ni za zamani zaidi, na nzuri zinatafutwa na watu wa Australia, New Zealand, Ulaya na Marekani wenye mifuko mirefu kuliko yetu. Ushauri wa "tafuta ya Japani" ulikuwa na nguvu wakati WRX za miaka ya tisini zilipokuwa zikichinjwa kwa wingi. Leo anayeutoa anategemea mto ambao chanzo chake kimezibwa. Na bloku uliyo nayo, yenye namba iliyoandikwa kwenye kadi ya gari lako, ina thamani ambayo haikuwa nayo zamani. Ukiitupa, namba mpya ya injini inakulazimu kwenda kubadilisha taarifa za usajili, NTSA kama uko Kenya au TRA kama uko Tanzania, na huko utaulizwa karatasi za injini ambazo hata aliyekuuzia hazijui.

Hoja ya mwisho wanayokimbilia ni ile inayoniumiza: mafundi wetu hawawezi, hawana vifaa. Maikromita ya kupima nje na geji ya kupima ndani ya silinda ni vitu vinavyoingia kwenye droo moja, na havimshindi kwa bei fundi aliyekwisha kununua kompyuta ya kusoma makosa ya gari. Spana ya torki ipo. Karakana za kuchonga krenki na kutanua silinda zipo mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam na kwenye Industrial Area ya Nairobi, zikiwahudumia watu wa malori na wa jenereta. Kinachokosekana ni mteja anayedai vipimo. Mwenye gari anauliza bei na siku tu, basi anapewa bei na siku. Siku atakapouliza pengo la beringi ya konrodi namba tatu ni kiasi gani, fundi atakwenda kulipima. Ninawaamini mafundi wetu kuliko wanavyoaminiwa na hao wanaojidai kuwatetea kwa kuwaambia wasifungue kitu.

Kwa hiyo dai karatasi. Iandikwe vipimo vya shingo zote za krenki, kila moja kwa pande mbili. Iandikwe kipenyo cha kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili pia, ili uduara na mshuko wake vionekane. Iandikwe nafasi ya ncha za ringi, unyoofu wa hedi zote mbili, na nafasi za vali. Krenki ikiwa imelika, kuna beringi zilizopunguzwa kwa milimita 0.25 za kuendana na krenki iliyochongwa. Silinda ikiwa imelika, kuna pistoni zilizozidishwa kwa milimita 0.25 na 0.50, ilimradi karakana itanue na kulainisha silinda nusu mbili za bloku zikiwa zimefungwa kwa torki yake, maana aluminiamu hubadilika umbo bolti zikikazwa. Krenki iliyopasuka au bloku iliyotobolewa na konrodi haiokolewi, na fundi mzuri atakwambia hivyo siku ile ile badala ya kukuzungusha. Kipoza oili kinunuliwe kingine. Bomba la kunyonyea oili libadilishwe hata kama linaonekana zima. Tabo ifunguliwe. Belti ya taimingi, pamoja na puli na kikaza chake, viwe vipya, kwa kuwa ikikatika kwenye injini hii pistoni na vali hukutana. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, injini izungushwe kwa starta bila cheche hadi shinikizo la oili lipande. Baada ya kilomita chache za mwanzo oili imwagwe, na filta ikatwe, karatasi yake inyooshwe juani. Vumbi linalomeremeta lisilonaswa na sumaku mara nyingi ni la beringi, na ukiliona mapema bado una nafasi.

Na ukiamua kununua ya Japani, inunue, sikuzuii. Inunue kama unavyonunua malighafi, ukijua kwamba itakwenda moja kwa moja kwenye meza na kufunguliwa kabla ya kuingia kwenye gari. Bloku ya pili, krenki ya pili na hedi mbili za ziada ni hazina kwa anayejenga, maana unachagua kilicho bora kati ya injini mbili. Kuna watakaokucheka kwa kuifungua injini "nzima". Waulize wanajuaje kwamba ni nzima.

Kwa wauzaji nina ombi moja, nao ndio wenye uwezo wa kubadilisha soko hili haraka kuliko mtu yeyote. Dhamana ya injini kuwaka haimsaidii mnunuzi, kwa sababu injini inayokaribia kufa nayo huwaka. Mruhusuni ashushe sampu pale dukani kabla ya kutoa fedha. Ni bolti ndogo za spana namba 10, na kazi yenyewe haimalizi saa moja. Atazame kilichotulia chini, apitishe sumaku, amulike bomba la kunyonyea oili kwa tochi. Ikiwa safi, alipe bei yenu kamili bila kuomba punguzo, pamoja na silikoni ya kuifungia upya. Ikiwa na vumbi, mpeni kwa bei ya chuma au mtoleeni nyingine. Muuzaji wa kwanza atakayebandika tangazo hilo mlangoni mwa duka lake, iwe Ilala, Kirinyaga Road au Kisekka, mimi nitawapeleka kwake watu wote ninaowajua.